Below Zero Ilijenga Keja Poa Ikasahau Bahari

Wasee, kabla mnitukane, someni hadi mwisho. Halafu mtukane mkiwa na facti.

Wikendi nilikuwa kwa binamu yangu Umoja. Nimekaribishwa chai na chapati, tumekaa poa, halafu jamaa akawasha kompyuta anionyeshe keja yake ndani ya Subnautica: Below Zero. Na lazima nikubali, ilikuwa keja kali. Sebule kubwa, paa la kioo, samaki wanapita juu ya kichwa, kitanda, maua, hadi mashine ya kupiga muziki kwa kona. Ameweka gengetone. Ako chini ya barafu kwa sayari ya mbali na anasikiza gengetone.

Akanigeukia akasema, "Buda, ile ya kwanza wacha ilale. Hii imeimaliza. Cheki vile unaweza kujenga."

Nilinyamaza juu nilikuwa nakula chapati zake na mtu hatukani mkono unaompa chapati. Lakini sasa niko kwangu, chapati ziliisha, na jibu langu ni hili: hapana. Haijaimaliza. Hata kwa kujenga, ile ya kwanza bado inaishinda. Na nikimaliza kumwambia binamu hivyo, nitawageukia nyinyi wenzangu wa ile ya kwanza, juu nyinyi pia mnanikera.

Kwa wale hawajui tunaongea kuhusu nini. Subnautica ni gemu ya kuishi chini ya bahari. Meli yako ya anga, Aurora, imeanguka kwa sayari inaitwa 4546B, wewe umetoka na kijumba kidogo cha kuokoa maisha, na karibu kila kitu unachoona ni maji. Unatafuta chakula, maji ya kunywa, madini, halafu unajenga. Ilitengenezwa na Unknown Worlds, ikaanza kuuzwa Desemba 2014 ikiwa bado haijaisha, na ikatoka kamili Januari 2018. Below Zero ndiyo ndugu yake mdogo. Hiyo nayo ilianza kuuzwa ikiwa haijaisha Januari 2019, ikakamilika Mei 2021. Sayari ni ile ile, lakini sasa uko upande wa barafu, na unacheza kama Robin Ayou, dada anayetafuta ukweli kuhusu kifo cha dadake, Sam.

Sasa nianze kwa kumpa binamu haki yake. Vifaa vya kujenga vya Below Zero vilikuwa bora. Hapo hakuna ubishi. Chumba kikubwa, paa la kioo, kuta za kugawanya chumba ndani, chumba cha udhibiti ambapo unaipa nyumba jina na kuipaka rangi unayotaka. Ile ya kwanza ilipotoka ulikuwa na chumba kimoja cha duara, makorido kama mabomba ya maji taka, na kama unataka uzuri, dirisha. Ukiweka nyumba mbili kwa picha, ya binamu yangu inashinda. Ningekuwa nakodisha kwa mtandao, ningekodisha yake.

Lakini hakuna mtu anajenga nyumba ndiyo aipige picha. Sawa, wengine wenu mnafanya hivyo. Lakini nyumba kwanza ni mahali pa kukimbilia. Na ndiyo ujue kama ni nyumba nzuri, lazima kuwe na kitu unakikimbia.

Desemba 2018, Epic Games walifungua duka lao la gemu, na gemu ya kwanza waliyopeana bure kwa hilo duka ilikuwa Subnautica. Mimi nilikuwa kijana wa shule, niko likizo kwa mjomba wangu, na yeye alikuwa na kompyuta ya kazi. Nikaomba, nikaomba, akakubali kwa masharti kwamba nisiguse faili zake. Ilikuwa inakwama-kwama kama matatu kuukuu kwa mlima, lakini ilikuwa inacheza.

Mwanzoni una pumzi ya sekunde 45. Hiyo tu. Sekunde 45 za kushuka, kuokota, na kurudi juu. Mchana ni rahisi, maji ni ya samawati, samaki wadogo wanakimbia, unajiona bingwa. Halafu giza linaingia. Na ile gemu usiku si usiku wa mchezo, ni giza kabisa. Unasikia kitu kinanguruma mbali na hujui mbali ni wapi. Nilijenga nyumba yangu ya kwanza usiku kama huo: korido moja, mlango mmoja, mtambo mmoja wa sola juu. Sikuweka hata dirisha. Nilipoingia na maji yakatoka, nikasikia miguu yangu ikigonga sakafu, nilikaa hapo tu. Sikufanya chochote. Nilisimama ndani ya korido nikingoja asubuhi kama mtu amefungiwa nje na mvua akapata veranda.

Ile korido mbaya isiyo na dirisha ndiyo nyumba bora nimewahi kujenga kwa gemu yoyote. Si kwa sababu ya korido. Kwa sababu ya kile kilikuwa nje.

Na ile gemu ilikuwa inakufanya ufikirie kama fundi. Kila nyumba iko na nguvu ya ukuta. Ukiongeza korido, nguvu inapungua. Ukiweka kioo, inapungua zaidi, juu kioo si chuma. Ukishuka chini zaidi baharini, kila kitu unachoongeza kinakula nguvu zaidi. Unarudisha kwa kuweka msingi, ambao unakupa mbili, ama vyuma vya kukaza ukuta, ambavyo vinakupa saba kila kimoja. Nguvu ikipita sifuri kwenda chini, ukuta unapasuka, maji yanaingia, na unaanza kukimbia na kifaa cha kuziba nyufa huku sebule yako inageuka bwawa. Kwa hivyo kila dirisha ulilokuwa nalo ulikuwa umelilipia. Ulikuwa unajua bei ya kuona nje.

Halafu kuna wale wa Degasi. Kama hujacheza, ruka hii aya. Kabla yako kulikuwa na watu watatu walioanguka kwa hiyo sayari, na unakuta nyumba zao. Ya kwanza iko kisiwani. Ya pili iko mita 250 chini, ndani ya pango. Ya tatu iko mita 500. Zote zimevunjika, zile mbili za chini zimejaa maji, vikombe bado vimekaa mahali, na sauti zao zimebaki kwa rekodi wakibishana kama washuke zaidi ama warudi juu. Yaani kabla hujajenga nyumba kubwa, gemu inakutembeza kwa nyumba tatu za watu walioshindwa. Hakuna mtu anakuambia "chunga". Unaona tu. Mimi baada ya kutoka ile ya mita 500 nilirudi kwangu nikaongeza vyuma vya kukaza ukuta hata kabla sijala.

Sasa njoo Below Zero. Ile hesabu ya ukuta bado iko. Wanyama wakubwa wako, yule Chelicerate si mtu wa kucheza naye. Lakini bahari ni ndogo na imebanwa, na sehemu kubwa ya gemu uko nchi kavu ukitembea kwa theluji ukiangalia kipimo cha baridi. Mahali pengi unakuta za watu wa Alterra ni ofisi na vituo vya utafiti vya juu, kama Delta Station na Outpost Zero. Ni mahali pa kazi palipoachwa. Hazikuambii kitu kuhusu kujenga chini ya maji.

Na kelele. Wueh. Ile ya kwanza, yule jamaa unayecheza hasemi neno. Ryley Robinson, kutoka mwanzo hadi mwisho, kimya. Unabaki wewe na pumzi yako. Below Zero, Robin anaongea. Halafu kiumbe wa kale anayeitwa AL-AN anaingia kwa kichwa chake na yeye pia anaanza kuongea. Sisemi hadithi ni mbaya. Najua pia iliandikwa upya katikati ya safari, wakati watu tayari walikuwa wameinunua na kuicheza, na nadhani inaonekana pale imeunganishwa. Lakini hata ingekuwa hadithi tamu namna gani, mtu aliye na mwenzake wa kuongea naye kichwani haogopi giza vile vile. Jaribu kutembea usiku peke yako, halafu utembee ukiwa kwa simu na beshte. Njia ni ile ile. Wewe ndiye si yule yule.

Najua binamu atasema nini. Atasema, "Hiyo ni kukumbuka utoto tu. Ulikuwa mdogo, uliogopa, sasa umekua." Ni swali halali. Mimi mwenyewe nilijiuliza. Kwa hivyo nilifanya jaribio.

Watu wengi hawajui, ama walisahau, kwamba Desemba 2022 ile Subnautica ya kwanza ilipata apdeti kubwa iliyoitwa Living Large. Walichukua vitu vya kujenga vya Below Zero wakavirudisha kwa ile ya kwanza. Chumba kikubwa, mapaa ya kioo, kuta za kugawanya. Yaani ile hoja ya "Below Zero ina vifaa bora" imekuwa maiti tangu 2022, na bado watu wanaibeba mgongoni wakizunguka nayo mtaani.

Nikachukua chumba kikubwa kimoja na paa lake la kioo. Nikakijenga kwa Below Zero, mahali pazuri, maji yanang'aa. Kisha nikajenga kile kile kwa ile ya kwanza, sio mbali na ile meli iliyoanguka, upande ambao kama umecheza unajua nani anaishi huko. Sikuweka kitu kingine chochote. Nikakaa kwa kila kimoja usiku mzima wa gemu.

Kwa Below Zero nilianza kupanga pale nitaweka kitanda. Nikafikiria rangi. Nikaenda jikoni kwangu nikachemsha maji ya chai, nikarudi, nikaendelea kupanga.

Kwa ile ya kwanza sikuenda kuchemsha chai. Nilisikia Reaper akilia mara moja, halafu kimya, na kile kimya ndicho kilinimaliza. Niliangalia lile paa la kioo na nikagundua nimejenga dirisha kubwa ya kuonewa. Mimi, mtu mzima na kitambulisho. Nikabomoa paa nikarudisha chuma.

Chumba ni kile kile. Vipimo ni vile vile. Umri wangu ni ule ule, juu nilifanya zote wiki moja. Kilichobadilika ni bahari. Binamu, hiyo ndiyo hoja yangu. Below Zero walikupa fundi bora, mawe bora, rangi bora, halafu wakaondoa mvua. Sasa umekaa chini ya paa zuri ukijisifu kwamba halivuji.

Sawa. Huyo ni binamu. Sasa nyinyi.

Nyinyi wa ile ya kwanza. Watu wangu. Mnafanya kitu kimoja kinaniudhi: mtu akitaja hitilafu za hiyo gemu, zile tunaziita bagi, mnacheka. "Ah, hiyo ndiyo Subnautica." "Hiyo ndiyo ladha yake." Samaki anaelea ndani ya sebule kama amepanga chumba, mnacheka. Unatembea ndani ya nyambizi yako ya Cyclops, sakafu inakuachilia, unajikuta nje kwa maji, mnapiga picha. Kichwa cha Reaper kimetokea kwa mwamba kama mlango uliofunguliwa vibaya, mnatengeneza meme. Unaingia kwa nyumba yako mwenyewe na bado unaogelea, hewani, kwa chumba kikavu.

Mimi pia nimecheka. Video zangu tatu za kwanza zilizopata watu zilikuwa za samaki kwa sebule. Nimekula kwa hiyo meza, sikatai.

Lakini tufikirie kidogo. Kama nimetoka kusema kwamba nyumba kwa hii gemu ni ahadi, kwamba ukuta unakuambia "hapa ndani hakuna kitakachokufikia," basi bagi ya ukuta si bagi ndogo. Kwa gemu ya mpira, mchezaji akipita ndani ya goli la chuma, unacheka na mechi inaendelea. Kwa gemu ambayo kazi yake yote ni kukufanya uamini ukuta, samaki akipita ndani ya ukuta amekuambia ukuta ni uongo. Ukiona hivyo mara moja, unajua. Usiku unaofuata unasikia mngurumo nje na badala ya kuogopa unafikiria, "hata hivyo hii yote ni rangi tu." Bagi imekuibia woga. Ile ile iliyokuibia Below Zero kwa kelele, ile ya kwanza inakuibia kwa samaki wa sebuleni.

Kwa hivyo hamwezi kuwacheka wa Below Zero kwamba gemu yao haitishi, halafu mkitetea bagi zinazofanya yenu isitishe. Chagueni moja.

Ninaishi kwa bedsitter. Nilipohamia kulikuwa na ufa kutoka dirishani hadi chini, na mvua ikinyesha ukuta unalowa hadi kwa soketi. Nikaenda kwa keateka nikamwambia. Alikuja akaangalia, akagusa na kidole, akaniambia, "Kijana wangu, hiyo ni kawaida. Nyumba ni kama mtu, lazima ipumue." Nikarudi ndani nikakaa na ukuta wangu unaopumua. Na unajua kitu kilichoniuma? Majirani. Niliwaambia na wao wakacheka. "Hiyo nyumba imekuwa hivyo tangu zamani, utazoea." Walikuwa wanalipa kodi ile ile ninayolipa, na walikuwa wanafanya kazi ya keateka bure.

Ndiyo maana nikiona mtu amenunua gemu kwa pesa yake, halafu anakuja kutetea bagi kwa bidii kuliko wale walioitengeneza, nawaona wale majirani.

Na tuongee pesa, juu hapa ndipo tunajifanya hatusikii. Bei ya kawaida ya kila moja ya hizi gemu ilikuwa dola 29.99. Hiyo ni karibu elfu nne ya Kenya. Kuna mtu hiyo anaitumia kwa kahawa na keki bila kuangalia risiti. Kuna mwingine hiyo ni kodi nusu. Wote wanapata bagi zile zile. Na zote mbili ziliuzwa zikiwa hazijaisha: ya kwanza zaidi ya miaka mitatu, ya pili zaidi ya miwili. Mimi sipingi hiyo njia. Bila hiyo njia pengine hatungekuwa na Subnautica kabisa, na wachezaji wa mapema walisaidia kuiboresha, hiyo ni kweli. Ninachopinga ni kusahau kwamba lilikuwa deni. Ukimuuzia mtu nyumba haina mlango na akakubali kuishi humo akikuonyesha pale panavuja, siku ya kukabidhi funguo mlango unafaa kuwepo.

Kuna bagi moja hata si bagi, ni kitu waliacha hivyo. Subnautica haijisevu yenyewe. Lazima ukumbuke wewe. Kwa mtu ambaye stima yake haipotei, hiyo ni kitu kidogo. Ngojeni niwaambie stori ya mtu ambaye stima yake inapotea.

Mwaka juzi nilikuwa nimetoka kampasi. Wengine wenu mnajua, wengine hamjui: niliacha mwaka wa pili. Fii ilikosekana semesta moja, nikasema nitarudi ijayo, ijayo ikaja na deni la iliyopita, na siku moja nikagundua sijibu tena wakiniuliza ninasomea nini. Nilikuwa na laptopu ya mtumba ambayo betri yake ni pambo, ukichomoa waya imekufa. Na nilikuwa nimeamua nitatengeneza video. Video ya kwanza ya maana ilikuwa hii: kujenga nyumba kubwa chini kabisa, Lost River, kando ya ule mti mkubwa unaong'aa. Wale mmefika huko mnajua. Ni kama kanisa chini ya maji.

Masaa manne. Nilibeba vitu na Cyclops, safari baada ya safari, nikipita kando ya Ghost Leviathan na injini polepole asinisikie. Nikapiga hesabu ya ukuta, nikaweka msingi, nikakaza, nikaweka dirisha moja tu kuangalia ule mti. Nikasimama hapo. Nilikuwa naenda kusevu. Nakumbuka kabisa nilikuwa nasema "wacha niangalie kidogo halafu nisevu."

Stima ikapotea. Ploti nzima. Nikasikia mtaa wote ukisema "aaah" kwa pamoja.

Mathee alinipigia kesho yake, akasikia sauti yangu, akauliza kuna nini. Nikamwambia nimepoteza nyumba. Akashtuka, akafikiri nimefungiwa mlango na landlodi. Nikamweleza ni nyumba ya gemu. Akanyamaza. Nilijua anaweza kusema kile kila mtu alikuwa anasema, kwamba ndiyo hii niliachia masomo. Badala yake akauliza, "Ulikuwa umeijenga na mikono yako?" Nikasema ndiyo, kwa namna fulani. Akasema, "Basi pole, mwanangu. Kazi ni kazi. Na mbona haikuwa na kifuli?"

Hajawahi kugusa gemu na aliuliza swali ambalo wengi wenu hamjawahi kuuliza. Mbona haikuwa na kifuli? Kosa la kutosevu ni langu, nimelibeba. Stima si ya watengenezaji wa gemu. Lakini mtu anayeunda gemu ya kujenga, gemu ambayo masaa ya mtu ndiyo mali yake yote, halafu haweki kifuli, ameamua kila mchezaji ako mahali stima haipotei. Hiyo si ladha. Hiyo ni kutotuona.

Na kabla binamu afurahi: hapana, hii haimaanishi Below Zero imeshinda. Inamaanisha ile iliyo na bahari bora bado inadaiwa kuta, na ile iliyo na kuta bora bado inadaiwa bahari. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua bahari, juu kuta zinaweza kurekebishwa na apdeti. Living Large imethibitisha hiyo: miaka karibu mitano baada ya gemu kutoka, walirudi wakaleta vyumba na wakarekebisha bagi nyingi. Hakuna apdeti ya kuleta woga.

Sasa kuna Subnautica 2. Walisema 2025, halafu Julai 2025 wakasema imesukumwa hadi 2026, na hiyo pia inauzwa kwanza ikiwa haijaisha. Safari hii mnaweza kucheza hadi watu wanne pamoja. Wengine wanashangilia. Mimi nina maswali mawili.

La kwanza: mkiwa wanne mnapiga stori, nani ataogopa? Robin na AL-AN walikuwa wawili tu na walitosha kuua giza. La pili: nyumba yangu ikianguka kwa bagi, nalia peke yangu. Nyumba ya watu wanne ikianguka, na mmoja ndiye aliyegusa ukuta wa mwisho, huo urafiki utahitaji wazee.

Kwa hivyo mkiinunua mapema, nunueni. Mimi nitanunua, sijidanganyi. Lakini tusiwe wale majirani. Ukuta ukivuja, sema ukuta unavuja. Rekodi, andika, lalamika kwa adabu, rudia wiki ijayo. Unaweza kupenda nyumba na bado ukataka ufa uzibwe. Mimi napenda bedsitter yangu. Bado namfuata keateka kila mwezi, na nitamfuata mwezi ujao.

Na binamu, najua unasoma hii. Changamoto yako ni hii. Washa ile ya kwanza. Jenga kile chumba chako kikubwa na lile paa lako la kioo karibu na Aurora. Zima gengetone. Zima taa za hapo kwako Umoja, weka earphone, na ukae dakika kumi bila kuguza kitu.

Ukimaliza, nipigie unieleze vile imemalizwa. Nitakuja na unga, wewe weka chai.